Na wao wangetuezekea?

Bibi yangu hushona makuti. Nyumbani tunamwita Hawe, kwa Kigiriama, na ukipita kwake Ganda alasiri utamkuta amekaa juu ya mkeka chini ya mwembe, rundo la majani ya mnazi upande huu, fito upande ule, vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo unabishana na mtu. Anakunja jani juu ya ufito, anachoma, anavuta, anakunja jingine. Sehemu ya karo yangu ya chuo, nilipokuwa bado nasoma, ilitoka kwenye hayo makuti, na hilo ni jambo ambalo huwa halisemi, ndiyo maana linaniuma zaidi.

Mwaka juzi alikuja mnunuzi na pikapu. Katika kupiga soga akasema mengine katika hayo makuti yanakwenda mjini, kuezeka lile kanisa la Wareno. Pikapu ilipoondoka Hawe akaniuliza ni kanisa gani hilo. Nikamwambia ni kinyumba cha zamani karibu na bahari, cha Wazungu waliokuja na majahazi, wenyewe walishakufa zamani.

"Wamezikwa pale?"

"Wengine."

"Na anayesali ni nani?"

Nikamwambia siku nyingi hakuna. Watu hulipa kiingilio, wanaingia, wanaangalia, wanapiga picha, wanatoka.

Akashona kuti zima bila kusema neno. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Na wao wangetuezekea?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na hilo swali karibu miaka miwili, na naliandika hapa kwa sababu limekataa kuondoka.

Kwanza kanisa lenyewe. Kama hujawahi kuingia, liko kwenye njia ya kuelekea nguzo ya Vasco da Gama, ndani ya ua, na ukiwa kwenye tuktuk unaweza kulipita hujaliona. Usitegemee mnara wala vioo vya rangi. Ni chumba kimoja kidogo chenye kuta nene zilizopakwa chokaa, paa la makuti lenye mteremko mkali, na makaburi yaliyolizunguka. Mtu aliyezoea makanisa ya mjini yenye spika na viti elfu atadhani ni ghala. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni nyumba ya mlinzi, na kanisa lenyewe liko nyuma yake.

Lakini simama karibu na ukuta. Jiwe ni lile lile la matumbawe ambalo Waswahili walijengea miji yao kabla Mreno yeyote hajaonekana huku. Nenda Gede, kilomita chache tu kusini magharibi, ukaangalie msikiti mkuu wa karne ya 15: jiwe la matumbawe, na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Nenda pale mbele ya Msikiti wa Juma hapa Malindi, ukaangalie makaburi ya nguzo: ni jiwe hilo hilo, chokaa hiyo hiyo. Wareno walileta sala yao na umbo la msalaba. Jiwe walilikuta hapa. Juu ya kuta ukaenda mti wa huku na jani la mnazi wa huku. Tunaliita kanisa la Wareno kama vile lilishuka zima zima kutoka merikebuni, na kumbe ukiondoa kilicho chetu, kinachobaki ni nia tu.

Na paa la makuti halina karne tano. Kuti linaoza. Baada ya miaka kadhaa ya kaskazi na kusi, jua na mvua ya masika, lazima livuliwe liwekwe jipya. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi. Kila mara kuna mwanamke kama Hawe aliyekaa juu ya mkeka mahali fulani, na fundi aliyepanda juu na kamba. Hao kwenye kibao cha maelezo hawapo.

Sasa historia, na nitaipita haraka kwa sababu sehemu yake kubwa mlifundishwa shuleni. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498. Mombasa alikuwa amepokewa kwa mashaka, Malindi akapokewa vizuri, kwa sababu mfalme wa Malindi na wa Mombasa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ule msalaba ulio juu ya nguzo umechongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Miaka 7 baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Malindi haikuchomwa. Malindi ilikuwa rafiki. Nina binamu Mombasa ambaye kila tukibishana kuhusu mpira hunikumbusha: "Nyinyi ndio mliofungua mlango." Hucheka, nami hucheka, lakini hakosei. Watu wa huku tunapenda kujihesabu upande wa walioonewa peke yake, na kwa karibu miaka mia mji wetu ulikula upande wa pili. Wareno walipojenga Fort Jesus mwaka 1593 na kuhamishia nguvu zao Mombasa, walikwenda na mtawala wa Malindi wakamkalisha huko.

Tukio ninalotaka tukae nalo ni la 1542. Mwaka huo alipita hapa padri mmoja akielekea India, Francis Xavier, ambaye mwaka 1622 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu. Alifika Goa Mei 1542, na Septemba akaandika barua ndefu kwa wenzake Ulaya. Ndani yake Malindi imo. Anasimulia kwamba mtu mmoja katika merikebu yao alifariki, wakamzika hapa, na Waislamu wa mji walipoona jinsi Wakristo wanavyozika walipendezwa. Anautaja pia msalaba wa mawe ambao Wareno walikuwa wameusimamisha.

Halafu anasimulia mazungumzo. Mzee mmoja wa heshima wa Malindi alimwuliza kama kwao makanisa yanajaa watu. Kwa sababu hapa, alisema yule mzee, ibada imepoa: mji una misikiti 17, na inayoendewa ni 3, nayo na watu wachache. Alitaka kujua sababu. Xavier akampa jibu ambalo mmisionari wa zama zile angelitoa, kwamba Mungu hapokei sala za wasioamini, na yule mzee hakuridhika. Wakaachana kila mmoja na lake.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifunga simu nikatoka nje. Sisi tuliolelewa kwenye hadithi kwamba zamani watu walishika dini na kizazi hiki ndicho kilichoharibika, tunaambiwa na barua ya 1542 kwamba mzee wa Malindi alikuwa akilalamika vivyo hivyo, misikiti 14 haina watu, na analalamikia kwa nani? Kwa padri. Sijui mazungumzo mengine ya kale ya mji huu yanayonigusa kama hayo. Watu wawili wasiokubaliana kwa lolote, na siku hizo hizo maiti ya mmoja wao inaingizwa katika ardhi ya mwingine.

Mapokeo ndiyo yanayoiunganisha barua ile na kuta hizi, na vitabu vya watalii vinayachukua yalivyo. Mimi kinachonishika ni ile maiti. Kabla ya jiwe lolote, huku kulikuwa na kaburi la mgeni, na mji uliomwachia nafasi.

Turudi kwa Hawe. Swali lake si la chuki. Ni swali la mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya hesabu ya mazishi. Kwetu ukifiwa, watu wanakuja na mchele, na kuni, na maji, na wanalala. Na wewe unakumbuka nani alikuja. Hakuna daftari, lakini kila mama pale kijijini anajua ni nani hakutokea kwenye matanga ya nani. Usiponizikia, nitakuja kwako siku yako, lakini nitakuja nimechelewa. Ndiyo haki yenyewe ilivyo, na ndiyo imewafanya watu maskini wazikane kwa heshima miaka yote hii bila benki wala bima.

Kwa hesabu hiyo, wenye kanisa wana deni. Pale uani hawakulala Wareno tu. Makaburi mengi unayoyaona ni ya Wazungu wa baadaye, wa zama za Waingereza. Na Waingereza, kwetu Wagiriama, wana ukurasa wao. Mekatilili wa Menza walimkamata 1913 wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka akarudi. Agosti 1914 serikali yao iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya haikuwa ngome ya askari. Ilikuwa mahali pa sala, pa viapo na pa wazee waliokufa. Kwa lugha ya barua ya Xavier, ilikuwa nyumba yetu ya ibada. Sisemi kila aliyelala pale uani aliwasha utambi. Nasema ni serikali yao, na walikufa ikiwa inawalinda.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja kwa Hawe ni: hapana. Hawangetuezekea. Tuna ushahidi walichofanya na paa letu.

Basi kwa nini sisi tuezeke?

Jibu la kwanza utakalopewa mjini ni utalii. Kanisa linaleta wageni, wageni wanaleta pesa. Sina dharau na pesa, naishi kwa kuandika vitu vya watu wa hoteli na kampuni za safari, tena kwa bei ya aibu. Lakini jibu hilo linamfanya maiti awe mfanyakazi wetu asiyelipwa. Na wageni wasipokuja? Mwaka 2020 hawakuja. Kama sababu ilikuwa wao tu, ingebidi tuliache lianguke Aprili ile ile.

Jibu la pili ni historia, kwamba ni lazima tuhifadhi kumbukumbu. Hili ni zuri zaidi, ila linasemwa kama vile kuhifadhi ni wema kila mahali na kwa kila mtu. Kule kwetu si hivyo. Mtu wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango, mti mrefu wenye kichwa cha duara, kwa ajili ya koma yake. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Familia inaweza kuhama, lakini kigango kinabaki pale pale mvua ikinyesha, mchwa wakila, mpaka kirudi udongoni. Kukiacha kioze ndiyo heshima. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wezi waliving'oa vigango huku Kilifi na Malindi, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, na vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za watu Marekani. Huko viliwekwa katika vyumba vikavu, ndani ya vioo, bila mchwa hata mmoja. Vilihifadhiwa vizuri sana. Vichache vimesharudishwa, vingi bado. Kwa hiyo mtu akiniambia "kuhifadhi" kama neno takatifu, namwuliza kwanza: kwa desturi ya nani?

Wala si sisi tu. Huko kaskazini kabisa mwa Denmark, Skagen, kuna kanisa la karne ya 14 la Mtakatifu Laurenti lililokuwa likimezwa na mchanga. Sisi tunaoijua Mambrui, upepo unavyohamisha vilima vya mchanga, hatuhitaji picha. Ilifika mahali waumini wanachimba mlango kwa sepetu ndipo waingie kusali. Walichimba kwa miaka 20 hivi, na mwaka 1795 mfalme wao akaamuru lifungwe. Jumba la ibada likabomolewa. Mnara mweupe wakauacha, kwa sababu mabaharia walikuwa wanautumia kujua walipo. Siku hizi umesimama peke yake katikati ya mchanga. Nampenda yule mtu asiye na jina aliyesema mnara ubaki. Hakuuacha kwa ajili ya sala wala historia. Aliuacha kwa ajili ya mtu aliye baharini asiyemjua, ambaye bila alama ile angepanda mwamba.

Na hapo ndipo nilipoanza kupata kitu cha kumwambia Hawe. Hesabu ya matanga ni nzuri kati ya majirani, lakini haikutungwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni hawezi kukulipa. Maiti wa merikebuni hana kabila hapa, hana shangazi wa kuja na mchele. Majirani zetu Waislamu wana neno zuri, faradhi kifaya: jambo ambalo baadhi ya watu wakilifanya, wengine wamesamehewa, na wote wakiliacha, mji mzima una dhambi. Kumzika maiti wao ni mojawapo. Nawaazima neno, najua fikihi haikulitunga kwa ajili ya paa la kanisa. Lakini nikimfikiria mtu wa Malindi aliyesimama kando mwaka 1542 akitazama mazishi yasiyo ya dini yake, hakuuliza kwanza kama Lisbon wangemzika yeye. Alitazama, akaona yamefanywa kwa adabu, akapendezwa. Sehemu ya mji huu niliyo tayari kuirithi ni yule mtu. Urafiki wa wafalme na mizinga nawaachia wanaoutaka.

Hoja yangu inachechemea, najua. Baharia aliyekufa safarini ni mgeni mnyonge. Afisa wa serikali iliyolipua kaya si mnyonge. Kumwita naye "mgeni" ni kumpa huruma asiyoiomba na asiyoistahili. Nimejaribu kuliziba tundu hilo na sijaweza. Nilichoweza ni kutenganisha mambo mawili ambayo huwa tunayafunga kamba moja: kuezeka na kusifu. Kuezeka ni kuzuia mvua isiingie. Kusifu ni kusema aliyelala humo alikuwa mwema. Hawe ameezeka. Hajamsifu mtu.

Aliyesifu ni mimi.

Kipindi kile kile cha pikapu, nilikuwa nimepata kazi ya kuandika kurasa mbili za kijitabu cha wageni kuhusu kanisa hilo hilo. Niliandika kwamba Wareno walileta nuru na ustaarabu kwenye pwani hii. Hakuna aliyeniambia niweke sentensi hiyo. Niliiweka mwenyewe, kwa sababu ndivyo vijitabu vinavyosemaga, na kwa sababu nilikuwa nimechelewa na nataka nilipwe Ijumaa. Niliandika nuru kuhusu watu waliochoma Mombasa, nikiwa natazamana na mwanamke mzee anayeshona paa lao, na yeye sikumweka hata kwa koma moja. Chokaa, makuti, nani anayatengeneza: hayo yote niliyajua, niliyaona tangu utotoni, na hayakunijia kama kitu cha kuandikwa.

Kwa hiyo swali la "wangetuezekea?" lilikuwa limenikosa njiani. Mimi nilikuwa nikimtafutia Hawe sababu ya kufanya kazi yake, na kazi yake haikuwa na kasoro. Yenye kasoro ilikuwa yangu. Kijitabu kilichapishwa. Niliomba sentensi ibadilishwe, nikaambiwa labda toleo lijalo.

Kama ningeulizwa, kile kibao pale mlangoni ningekiongeza mistari miwili tu. Kwamba jiwe na chokaa ni vya pwani hii, kazi ya mafundi wa pwani hii. Na kwamba paa limeshonwa na wanawake wa vijiji vilivyo nyuma ya mji, mara nyingi kuliko mtu awezavyo kuhesabu, baadhi yao wajukuu wa watu waliolipuliwa kaya yao. Mgeni asome hilo kisha ainue macho aangalie juu.

Mwezi uliopita nilikwenda Ganda nikamweleza Hawe haya yote, taratibu, pamoja na habari ya maiti wa merikebu na yule mzee wa misikiti 17. Alisikiliza vizuri. Habari ya mnara wa mchanga aliipenda, akauliza huko Denmark kuna minazi. Nikamwambia hakuna, kuna baridi. Akasikitika kidogo.

Nikamwuliza sasa, yale makuti ya kanisa, angejua mambo haya angeyashona?

"Niliyashona," akasema. Akavuta jani jingine. "Ila yule mtu wa pikapu, mwanangu, ukimwona huko mjini mwambie bado makuti ishirini hajayalipa."